Tuuzieni kipuri, si mashine nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma humu wasomaji wenzangu wakilalamika kwamba vyombo vya nyumbani vya siku hizi havidumu, na kwamba mafundi nao hawana ujuzi: ukimpelekea mashine ya kufulia anaitazama kidogo, anatikisa kichwa, anakwambia nunua nyingine. Lalamiko la kwanza nakubaliana nalo kwa kiasi. La pili limenichoma, maana mimi ni mmoja wa mafundi hao, na hayo maneno ya "nunua nyingine" nimeyatamka mara nyingi kuliko ninavyopenda. Nataka wasomaji wajue yanatoka wapi.

Kazi nilifundishwa na mjomba wangu, aliyekuwa akitengeneza majokofu, pasi, mashine za kufulia na redio. Alikuwa na sharti moja: usimtajie mteja gharama kabla hujakiona kilichoharibika kwa macho yako mwenyewe. Ndivyo ninavyofanya mpaka leo, na ndivyo ninavyowafundisha vijana walio karakanani kwangu. Nikishakiona, karibu kila mara huwa ni kitu kidogo. Mashine kubwa haifi yote. Inakufa sehemu moja, mara nyingi inayoenea kiganjani, na sehemu nyingine zote ni nzima. Tatizo la leo ni kwamba kile kidogo kimeshikamanishwa na kikubwa hata hakitoki, na kiwanda kinauza kikubwa tu.

Nianze na mashine ya kufulia yenye mlango wa mbele, maana ndiyo inayonipa uchungu zaidi. Ndani yake kuna pipa la chuma lenye matundu, lile unaloliona ukifungua mlango. Linazunguka ndani ya pipa jingine, la plastiki, linaloshika maji. Pipa la chuma lina mhimili nyuma yake, na mhimili huo unazunguka juu ya beringi mbili, yaani pete za chuma zenye gololi ndani zinazoufanya uzunguke bila kukwama. Kati ya beringi na maji kuna sili ya mpira. Miaka inakwenda, mpira unalika, maji yenye sabuni yanapenya, grisi inaoshwa, beringi zinashika kutu. Mwenye mashine anaanza kusikia ngurumo wakati wa kukamua, mwanzoni kwa mbali, baadaye hata jirani anasikia.

Beringi hizo si kitu cha ajabu. Zina namba iliyochongwa ubavuni, 6205 au 6206 kwa mfano, na vipimo vyake ni vya kimataifa. Beringi ya 6205 ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na unene wa milimita 15, iwe imetengenezwa na kiwanda gani. Ileile inakaa kwenye mota za pampu na mashine nyingine chungu nzima. Kuipata si kazi. Sili nayo ni kipande cha mpira tu. Ukiweka gharama ya vyote viwili kando ya bei ya mashine, hata havionekani.

Katika mashine za zamani, pipa la plastiki lilikuwa vipande viwili vilivyofungwa kwa skrubu kuzunguka ukingo wote, katikati ukiwekwa mpira wa kuzuia maji. Unafungua skrubu, unatenganisha, unagonga beringi kuukuu hadi itoke, unasafisha mahali pake, unaingiza mpya, unafunga. Ni kazi chafu, inachosha mgongo, lakini iko wazi na kila fundi anaijua. Katika mashine nyingi za leo vipande hivyo vimeyeyushwa vikashikana kiwandani, skrubu hakuna. Beringi imo ndani, unaisikia, namba yake pengine unaijua, na huifikii. Ukiagiza unaambiwa vinauzwa kwa pamoja: pipa la nje, pipa la chuma, mhimili, beringi na sili, fungu moja. Ukijumlisha fungu hilo na ufundi, unakaribia bei ya mashine mpya, na hapo mteja hana sababu ya kutengeneza.

Mama mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, aliniletea mashine ya namna hiyo. Nilipomweleza, akauliza, "Kwa hiyo mwanangu, beringi tu ndiyo imekufa?"

"Beringi tu, mama."

"Na mota?"

"Mota nzima. Pampu nzima, bodi nzima, mlango mzima."

"Sasa mbona unaniambia niitupe?"

Sikumwambia aitupe. Nilimweleza njia iliyobaki na hatari zake, akaikubali. Njia yenyewe ni hii: unatoboa matundu madogo kuzunguka ukingo wa pipa, mbali kidogo na mshono, ili baadaye yapokee bolti. Kisha unachukua msumeno wa chuma, wa mkono, unakata polepole kufuata mshono wenyewe. Ukitumia mashine ya kukatia, plastiki inayeyuka na kujipinda. Ukimaliza, pipa limepasuka nusu mbili. Unabadilisha beringi na sili, unakwangua ungaunga wote wa plastiki maana ukibaki utaziba pampu, unapaka silikoni ya kustahimili joto ukingoni, unarudisha nusu mbili, unakaza bolti kwa zamu, moja upande huu na nyingine upande wa pili, ili ukingo ushuke sawasawa. Unaacha silikoni ikauke hadi kesho yake. Halafu unajaza maji na kukaa hapo hapo na tochi ukitazama kila inchi ya mshono.

Mashine ya yule mama inafanya kazi. Lakini nilimwambia wazi kwamba siwezi kumpa dhamana ileile ninayoitoa kwa pipa la skrubu, kwa sababu mshono nilioukata mimi haukuundwa kukatwa. Chini yake kuna mota na nyaya za umeme. Fundi hapaswi kufikishwa mahali pa kukata chombo kwa msumeno ili abadilishe kitu ambacho aliyekiunda alijua tangu siku ya kwanza kwamba kitachakaa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema kila kinachoharibika ni hila. Kuna kuharibika kwema. Chukua blenda. Chini ya jagi, pale linapokaa juu ya mota, kuna kiungo cha mpira au plastiki chenye meno. Kiungo hicho kimefanywa laini kwa makusudi. Kitu kigumu kikikwama kwenye visu, meno yanakatika na mota inasalimika. Kiungo kinauzwa peke yake, kinafunguliwa kwa mkono au kwa spana ndogo, na blenda inarudi jikoni siku hiyo hiyo. Kaboni za mota ni vivyo hivyo: vijiti viwili vinavyosugua shaba, vimewekwa ili viishe vyenyewe na shaba ibaki. Fyuzi pia ipo ili ikatike. Aliyebuni vitu hivi alifikiri sawasawa. Alijua kitu lazima kiishe, akachagua kiwe kidogo, rahisi kukifikia, kinachouzwa peke yake. Hicho tu ndicho ninachokidai kwa beringi na kwa vingine vyote.

Sasa nije kwenye bodi, maana hapa ndipo lawama nyingi zinapotuangukia. Mteja anasikia "bodi imeungua" na kudhani fundi anamtapeli. Bodi ni kibao chenye vifaa vidogo vya elektroniki vinavyoiamuru mashine: lini ivute maji, lini izungushe, lini kompresa ya jokofu, ile pampu inayosukuma gesi ya ubaridi, iwake. Ikiharibika, kwa kawaida si yote. Ni rilei moja, yaani swichi ndogo inayoendeshwa kwa umeme, iliyoungua midomo, au kile kidude cha kukinga bodi na umeme uliopanda ghafla, au kapasita.

Kapasita, kidude kinachohifadhi umeme kwa muda mfupi, niieleze kidogo, kwa sababu ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi umri wa chombo unavyoamuliwa kiwandani. Zile za umbo la kopo dogo zina majimaji ndani yake, na majimaji hayo hukauka taratibu. Zinavyokaa kwenye joto ndivyo zinavyokauka upesi. Mafundi wa elektroniki wana kanuni ya kukadiria: joto likipungua kwa nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita unaongezeka karibu mara mbili. Ubavuni mwa kopo pameandikwa joto la juu inaloweza kustahimili, kwa kawaida 85 au 105. Tuseme zote mbili zimepewa umri wa saa 2,000 katika joto lao la juu, na zote zimewekwa mahali penye joto la nyuzi 65 kwenye bodi inayopata umeme usiku na mchana. Ile ya 85 imeshuka nyuzi 20, umri wake unazidishwa mara nne: saa 8,000. Mwaka mmoja una saa 8,760. Ile ya 105 imeshuka nyuzi 40, umri unazidishwa mara 16: saa 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu. Tofauti ya bei kati ya kapasita hizo mbili ni ndogo mno kwa mtu anayenunua jokofu zima. Na ukiisogeza kapasita mbali kidogo na kifaa kinachotoa joto, umri unaongezeka tena bila gharama yoyote. Haya ni maamuzi ya mtu aliyekaa mezani akichora bodi. Mnunuzi hayaoni, wala muuzaji hayajui.

Kapasita iliyokufa naibadilisha. Nina kifaa cha kuchomelea risasi, nina mita, nina macho. Kinachonishinda ni bodi iliyomwagiwa resini. Unafungua mfuniko unakuta kibao kimezama ndani ya gundi ngumu, nyeusi, vifaa vyote vimo humo. Najua ina faida yake: inazuia unyevu, na mashine ya kufulia ina unyevu mwingi na mtikisiko. Lakini kuna bodi zilizopakwa rangi nyembamba ya kinga ambayo inazuia unyevu vilevile na fundi anaweza kuikwangua mahali pamoja akafanya kazi yake. Kwa hiyo njia ipo. Bodi iliyozamishwa kwenye resini inabidi itupwe nzima kwa sababu ya kipande kisichofika ukubwa wa ukucha, na mpya ikifika huenda isifanye kazi hadi iingizwe programu ya modeli husika, kwa kifaa ambacho mawakala peke yao ndio wanaopewa.

Televisheni nitaitaja kwa sababu nyingi zinatupwa zikiwa nzima. Hizi bapa zinazoitwa za LED, nyingi kioo chake hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna mistari ya taa ndogo inayokimulika. Taa hizo zimeungwa mfululizo, kwa hiyo moja ikikatika umeme hauendelei mbele na mstari wote unazimika. Mwenye televisheni anaona giza huku sauti ikiendelea, anadhani imekufa. Msomaji, kabla hujaitupa fanya hivi: zima taa za chumba, iache televisheni ikiwa imewashwa, sogeza tochi karibu na skrini na uimulike kwa pembe. Ukiona picha hafifu inatembea, kioo chako ni kizima na bodi kuu inafanya kazi. Ni taa za nyuma tu, au sehemu inayozipa umeme. Mistari hiyo ya taa inapatikana na si ghali. Ugumu ni kuifikia: lazima ukinyanyue kioo chenyewe, kipana na chembamba, chenye nyaya bapa zilizogandishwa ukingoni ambazo zikichanika hazirudi. Mafundi wazuri wamevunja vioo vya wateja wakijaribu kubadilisha taa moja. Na wenye televisheni nzima, punguzeni mwanga wa taa za nyuma kwenye mipangilio. Nyingi zinatoka dukani zikiwa zimewekwa mwanga mkali kupita kiasi ili zivutie, na taa inayosukumwa hadi mwisho haidumu.

Kwa nini vinaundwa hivi? Wapo wanaokumbusha kisa cha balbu, na ni kisa cha kweli. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu duniani walikutana Geneva na kuunda umoja uliojulikana kwa jina la Phoebus. Walikubaliana balbu ya kawaida idumu saa 1,000 tu, ingawa zilikuwepo zilizodumu zaidi ya hapo, na kiwanda ambacho balbu zake zilidumu kupita kiwango kilitozwa faini. Kwa hiyo anayeshuku viwanda hajaota. Hata hivyo, kwa mashine ninazozifungua mimi, naamini sababu kubwa ni ya kawaida zaidi. Kuyeyusha plastiki mbili zikashikana ni kazi ya muda mfupi sana. Kufunga skrubu zote zile na kuweka mpira ni muda mrefu zaidi, na pipa lililoyeyushwa halivuji likiwa jipya. Kiwanda kinaokoa kidogo kwa kila mashine, kinatengeneza mamilioni, na gharama ya miaka ijayo inabebwa na mtu mwingine. Hakuna anayehitaji kukusudia ubaya ili haya yatokee, ndiyo maana kumsubiri mtengenezaji ajirekebishe mwenyewe hakutatusaidia.

Sitaki pia tudanganyane kuhusu zamani. Mtu anaponiambia jokofu la bibi yake limedumu miaka 40, namwamini, lakini mengine mengi ya umri huo yalishatupwa na hakuna anayeyakumbuka. Majokofu ya wakati ule yalitumia gesi zilizokuwa zikiharibu tabaka la ozoni, ndizo zilizosababisha mataifa kutia saini Mkataba wa Montreal mwaka 1987. Na yalikula umeme. Huko Marekani, ambako vipimo viliwekwa mapema, jokofu la kawaida la miaka ya 1970 lilikuwa likitumia zaidi ya mara tatu ya umeme unaotumiwa na la leo. Kompresa za inveta, zinazopunguza kasi badala ya kuzima na kuwaka, ni kazi nzuri ya kihandisi na nazipenda. Sidai turudi nyuma. Pipa linaweza kuwa na skrubu na kompresa ikawa ya inveta. Vitu hivyo viwili havigombani.

Sidai pia kila mtu afungue kila kitu. Mikrowevu ina kapasita inayoweza kubaki na umeme wa kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani, na ambaye hajafundishwa asiiguse. Majokofu mengi mapya yanatumia gesi ya R600a, ambayo ni isobutani na inawaka moto. Kiasi chake ni kidogo, kwa jokofu la nyumbani mara nyingi hakifiki gramu 150, lakini fundi anayewasha moto wa kuchomelea kwenye bomba ambalo hajalitoa gesi anahatarisha maisha yake na ya wenye nyumba. Hizo ni sababu za kufundisha mafundi na kuwapa maelezo. Zimegeuzwa kuwa kisingizio cha kutunyima maelezo. Mashine za zamani nyingi zilikuwa na karatasi iliyokunjwa nyuma ya bamba, yenye mchoro wa nyaya na vipimo vya kila sehemu. Leo natafuta mchoro huo siku nzima, nikiupata ni wa modeli inayofanana, si yenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni vijana. Kijana anayejifunza kwangu ana mikono mizuri na anataka kujua kwa nini kitu kimekufa. Nikimfundisha kuchomoa bodi na kuchomeka nyingine, ndani ya mwezi ameshaijua kazi hiyo, na hana cha kujifunza tena. Hajui kilichoungua wala kwa nini. Akiondoka hapo na kumwambia mteja "nunua nyingine", wasomaji wenu wataandika kwamba mafundi hawana ujuzi. Ujuzi unatokana na kufungua vitu vinavyofunguka.

Sheria zinaweza kusaidia, na kuna mahali zimeanza. Katika Umoja wa Ulaya, tangu Machi 2021, mtengenezaji wa mashine za kufulia anatakiwa awe na vipuri vilivyoorodheshwa kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya modeli hiyo kuingia sokoni, avifikishe ndani ya siku 15 za kazi, na viweze kubadilishwa kwa zana za kawaida bila kuiharibu mashine. Ufaransa, kuanzia Januari 2021 hadi ilipoletwa alama ya udumu mwaka 2025, mashine za kufulia zenye mlango wa mbele na televisheni zilikuwa miongoni mwa vifaa vilivyotakiwa kuonyesha dukani alama, kati ya sifuri na 10, inayoeleza urahisi wa kuvitengeneza, na sehemu ya alama hiyo ilitokana na bei ya vipuri ikilinganishwa na bei ya kifaa chenyewe. Hilo la bei ni la busara sana. Kipuri kinachopatikana kwa bei ya mashine nzima ni sawa na kisichopatikana. Jimbo la Minnesota, Marekani, lilipitisha mwaka 2023 sheria inayowataka watengenezaji wawape mafundi wa kujitegemea vipuri, zana na maelezo, na vyombo vya nyumbani vimo. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo jingine linalomzuia mtengenezaji kutumia programu au mbinu za kiufundi kukwamisha matengenezo bila sababu ya haki. Nchi wanachama zilipewa hadi 31 Julai 2026 kuanza kulitumia.

Lakini nawaomba watakaotaka kuiga sheria hizo wasome hadi mwisho. Katika ile orodha ya Ulaya ya vipuri vya mashine za kufulia, ukifika kwenye mstari wa pipa na beringi zake, kuna mabano yanayosema vinaweza kutolewa kimoja kimoja au kwa pamoja. Kwa maneno hayo machache pipa lililoyeyushwa limehalalishwa. Mtengenezaji anatimiza sheria kwa kuuza fungu zima, na mtu kama yule mama bado hana njia ya kuifikia beringi yake bila msumeno. Atakayeandika kanuni kama hizo, mahali popote, aondoe maneno "kwa pamoja" kwa kila sehemu inayojulikana kuwa inachakaa: beringi, sili, kaboni, pampu, hita, kufuli la mlango, taa za nyuma za televisheni. Aseme ziuzwe moja moja, na zifikiwe kwa bisibisi.

Kwa wanaosema haya ni mambo ya mafundi kutafuta riziki: riziki yangu ipo, sikatai, na sioni aibu kuitetea. Lakini tazameni pia kinachotupwa. Taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inaonyesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme na elektroniki, na chini ya robo yake ndiyo inayojulikana kuwa ilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Ndani ya taka hizo kuna mota nzima na mapipa ya chuma yasiyo na kutu, yaliyotupwa pamoja na beringi mbili zilizoshika kutu.

Wanaokwenda kununua mashine wiki hii wasisubiri sheria. Muulize muuzaji kama pipa la nje limefungwa kwa skrubu au limeyeyushwa, na kama beringi inauzwa peke yake. Akisema hajui, mwombe aulize kwa wakala wakati wewe ukisubiri. Uliza bei ya bodi kuu kabla hujauliza rangi ya mashine. Muuzaji anayeulizwa maswali haya kila siku atayapeleka kwa anayemuuzia, na huyo atayapeleka kiwandani, maana huko juu wanasikia zaidi kinachozuia mauzo kuliko kinachoandikwa na fundi kama mimi.

Mwisho nina ombi kwako, Mhariri. Gazeti lako hulinganisha mara kwa mara vyombo vipya vya nyumbani: ukubwa, rangi, umeme vinavyotumia, idadi ya programu za kufulia. Sijawahi kuona kikielezwa kilichomo ndani. Mtakapoandaa makala ijayo ya namna hiyo, leteni mashine hizo karakanani kwangu, au nitakuja mlipo. Nitazifungua mbele ya mwandishi wenu na mpigapicha, bila malipo. Apige picha mshono wa pipa, bodi, namba za kapasita na mahali zilipokaa. Kisha tupige simu pamoja kwa mawakala na tuulize, kwa kila mashine, beringi na sili peke yake zinauzwa kiasi gani. Mchapishe watakachojibu, pamoja na majina ya watakaosema haziuzwi.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa vyombo vya umeme vya nyumbani